Sabuni imevuka mpaka, mbona haitoi povu?

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayepakia katoni za sabuni ya mche Mwanza, akavuka Kabanga na Kobero, akafika Bujumbura na kusambaza mzigo kwa wenye maduka, nusu taslimu, nusu mali kauli. Wiki mbili baadaye simu inaita. Wateja wanalalamika kwamba sabuni haitoi povu, inaacha utando mweupe kwenye beseni, na shati lililokuwa jeupe limeanza kuwa la kijivu. Mwenye duka ana neno moja tu: feki. Deni halilipwi, katoni zilizobaki zinarudishwa, na jina lililojengwa kwa miaka linaharibika kwa mzigo mmoja.

Sabuni hiyo si feki. Nembo ya ubora ipo, kiwanda kipo, na Mwanza sabuni ileile inatoa povu hadi inamwagika kwenye ndoo. Kilichobadilika njiani ni maji. Mwanza inakunywa na kufulia maji ya Ziwa Victoria, ambayo ni laini. Bujumbura inategemea Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana magnesiamu nyingi na ugumu wake ni mara kadhaa ya ule wa Victoria. Maziwa hayo mawili yamo ndani ya Jumuiya moja, na lori linatoka moja kwenda jingine bila mtu yeyote kumwambia mwenye mzigo tofauti hiyo.

Hapo ndipo penye pengo. Afrika Mashariki imefanya kazi kubwa ya kufungua njia za bidhaa. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya, anaweza kutumia utaratibu rahisi wa forodha na cheti rahisi cha uasili. Lakini habari za maji zinabaki upande wa pili wa mpaka. Bidhaa nyingi zinazobebwa kila siku, kuanzia sabuni, birika za umeme, hita za kuogea na dawa za nywele hadi vichujio vya maji, hufanya kazi au hushindwa kufanya kazi kutegemea maji ya mnunuzi. Anayelipa gharama ya kutojua ni mchuuzi kwanza, kisha mama wa nyumbani.

Maji magumu ni yapi? Ni maji yaliyopita kwenye miamba au udongo wenye chokaa yakayeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ugumu hupimwa kwa miligramu kwa lita. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yasiyozidi miligramu 60 ni laini, na yanayozidi 180 ni magumu sana. Katika ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa na Kwale hadi Tanga, Unguja na Pemba, visima vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Dodoma nako, wanaotegemea visima wanalijua vizuri gamba jeupe linaloota ndani ya birika.

Wengi huyaita maji hayo "maji ya chumvi", na jina hilo linapoteza watu. Kuna maji yenye chumvi kama ile ya mezani, hasa visima vilivyoingiliwa na bahari. Kuna maji yenye chokaa ambayo hayana ladha ya chumvi hata kidogo. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili. Ulimi hauwezi kuvitenganisha, na dawa ya kimoja si dawa ya kingine.

Gharama ya maji magumu nyumbani haiji kwa kishindo. Inakuja kidogokidogo, ndiyo maana haiandikwi daftarini. Sabuni ya kawaida ikikutana na kalsiamu hugeuka utando badala ya povu, kwa hiyo mche uliopaswa kufua nguo za wiki nzima unaisha siku ya nne. Koili ya hita inavishwa gamba la chokaa. Gamba halipitishi joto vizuri, hivyo maji yanachelewa kuchemka, umeme unaliwa, na koili yenyewe inapata joto kupita kiasi hadi inaungua. Maharage yanagoma kuiva kwa sababu kalsiamu hukaza maganda yake, na mamantilie anaongeza mkaa. Saluni inaosha nywele mara mbili na bado mteja anasema zimekakamaa. Ukijumlisha sabuni, umeme, mkaa na hita mpya, unakuta familia inalipa kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kodi hiyo inaweza kukwepwa bila mtambo wa gharama, na kwanza kabisa kwa kujua. Kipimo cha nyumbani ni chupa moja safi inayopitisha mwanga. Jaza maji nusu, tia vipande vichache vya sabuni ya mche iliyokwanguliwa, funga, tikisa kwa nguvu. Chupa nyingine ifanyie hivyohivyo kwa maji ya mvua. Ya mvua itajaa povu. Ikiwa ya bombani au ya kisimani ina povu haba na maji yamegeuka kama maziwa, hayo ni magumu. Sabuni ya unga isitumike kwa kipimo hiki, kwa maana mara nyingi imetengenezwa kuvumilia maji magumu na itaficha ukweli.

Baada ya kujua, hatua zinazofaa ni chache na si ghali. Kuchemsha huangusha sehemu ya chokaa. Maji yakiachwa yatulie, yale ya juu yanamiminwa taratibu na ya chini yenye unga mweupe yanaachwa. Lakini kuna ugumu mwingine, unaotokana na aina tofauti ya chumvi za kalsiamu na magnesiamu, ambao hauondoki hata maji yachemke mchana kutwa. Gamba la birika huondolewa kwa siki au maji ya ndimu: jaza kiasi cha kufunika gamba, pasha moto kidogo, acha saa moja au zaidi, kisha suuza vizuri. Mapovu yanayoonekana ni chokaa ikiyeyuka. Tahadhari moja ni ya lazima. Siki, ndimu au asidi yoyote isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Na asidi ya betri haina kazi yoyote jikoni.

Kwa kufulia, sabuni ya unga inashinda ya mche kwenye maji magumu. Magadi kidogo yaliyotangulizwa kwenye maji ya kufulia nayo hushusha chokaa kabla sabuni haijaingia. Na maji ya mvua, yakikingwa kwenye bati safi baada ya kuachia yale ya mwanzo yaoshe paa, ni maji laini ya bure kwa kufua, kuloweka maharage na kuchemsha chai. Nyumba yenye mfereji wa bati na pipa lenye mfuniko ina mtambo wake wa kulainisha maji kila msimu wa masika na vuli.

Mambo yasiyosaidia nayo yatajwe, kwa kuwa ndiyo yanayouzwa kwa maneno matamu. Shabu hushusha tope, haigusi ugumu. Vidonge vya klorini huua vijidudu, haviondoi chokaa. Kichujio cha kauri huzuia uchafu na vijidudu, lakini kalsiamu iliyoyeyuka hupita kama maji yenyewe. Mashine ya kulainisha maji ipo na inafanya kazi, ila inahitaji chumvi ya kuisafishia kila baada ya muda, na anayeinunua bila kujua hilo ataiona imekufa baada ya miezi. Mitambo ya kuchuja kwa utando mwembamba huondoa karibu kila kitu, lakini humwaga sehemu ya maji kama taka, na maji magumu huziba utando huo mapema kama hayakulainishwa kwanza.

Kisha kuna maonyesho ya mtaani. Muuzaji anachovya kifaa chenye vyuma viwili kwenye glasi ya maji ya bomba, anawasha umeme, na ndani ya dakika maji yanakuwa ya kahawia na kuchukiza. Anafanya vilevile kwa maji ya kichujio chake, yanabaki meupe. Watu wanashika vinywa. Kinachoonekana si uchafu wa bomba. Ni chuma cha kifaa chenyewe kinacholika kwa umeme na kutoa kutu, na kinalika zaidi kwenye maji yenye madini kwa sababu maji hayo hupitisha umeme vizuri zaidi. Kuna pia kalamu ya kidijitali inayoonyesha namba. Hiyo si ulaghai, lakini inakadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka tu. Haisemi kama ni chokaa, chumvi ya mezani au kitu kibaya zaidi. Mfanyabiashara anayevusha vifaa hivi ajue anachouza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapo panafungua jambo zito kuliko sabuni na hita. Maji magumu yanakera, lakini hayaogopeshi. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya, na kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Hatari halisi, katika baadhi ya maeneo ya mpaka huu, imo kwenye maji yanayopendwa kwa kuwa laini.

Katika Bonde la Ufa na kandokando ya milima ya volkano, kuanzia Arumeru mkoani Arusha, kwenye vijiji kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, hadi Naivasha na Nakuru nchini Kenya, vyanzo vingi vina floraidi iliyozidi. Kikomo cha floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita, na yapo maeneo ambako kikomo hicho kimepitwa mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajijenga hupata madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki. Akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo inaweza kuumia, hata miguu kupinda.

Uhusiano wa floraidi na ugumu ni wa kinyume na watu wengi wanavyodhani. Kalsiamu ikiwa nyingi hushikana na floraidi na kuiangusha. Maji ya volkano yenye kalsiamu haba na sodiamu nyingi huibeba floraidi bila kizuizi. Kwa hiyo mama anayefurahi kwamba maji ya kisima kipya yanatoa povu zuri, birika halioti gamba na maharage yanaiva haraka, anaweza kuwa anawanywesha watoto maji mabaya kuliko yale magumu aliyoyaacha. Povu halijui floraidi. Kuchemsha nako hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, na kiasi chake kwa kila lita kinaongezeka.

Magadi yanaingia hapohapo. Magadi ni mali ya mpakani, kutoka Ziwa Magadi upande wa Kenya na Ziwa Natron upande wa Tanzania, na wachuuzi huyauza masokoni kama kilainisha makande na maharage. Kwenye nguo hayana ubaya. Kwenye chungu ni habari nyingine, kwa sababu baadhi ya magadi yamekutwa na floraidi nyingi. Familia inayoishi kwenye eneo la floraidi na kupikia magadi kila siku inajiongezea mzigo mara mbili. Anayeuza magadi hana kosa kwa kuuza. Ila akiwa na neno la kumwambia mnunuzi, kwamba haya ni ya kufulia na maharage yalowekwe usiku kucha kwenye maji ya mvua, atakuwa amefanya zaidi ya biashara.

Tiba ya floraidi ipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka na mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu maalumu, ambayo hunasa floraidi maji yanapopita. Nakuru nako teknolojia hiyo imetumika. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe kwa wakati, kwa hiyo chujio lililosahauliwa ni sawa na kutokuwa nalo. Maji ya mvua, yakihifadhiwa kwa usafi, ni njia nyingine ya kumpa mtoto mdogo maji yasiyo na floraidi.

Sasa turudi kwenye Jumuiya. Kiwango kimoja cha maji ya kunywa tayari kipo kwa nchi wanachama, kiwango cha Afrika Mashariki kinachojulikana kama EAS 12. Kinasema ugumu usizidi miligramu 300 kwa lita kwenye maji yaliyosafishwa mtamboni na 600 kwenye maji ya asili, na floraidi isizidi 1.5 kwa yote mawili. Tangu 2006 ipo pia sheria ya Jumuiya ya viwango, ubora na vipimo. Mamlaka za maji hupima, kwa sababu hazina njia nyingine ya kujua kama zimetimiza kiwango. Namba zipo, isipokuwa zinalala kwenye mafaili.

Tazama namba 600 kwa jicho la biashara. Kisima chenye ugumu wa 550 ni halali kabisa kwa kunywa, na hakuna afisa wa kukifunga. Lakini maji hayohayo yanaweza kuimaliza koili ya hita mapema sana. Kiwango kinamlinda mnywaji. Mnunuzi wa hita analindwa na nani? Birika la umeme haliuzwi bila kuandikwa volti zake, na hakuna mchuuzi wa Namanga au Busia atakayeleta birika la volti 110 kwa wateja wenye umeme wa 240. Umeme umeandikwa kwenye boksi na unajulikana nyumbani. Maji hayajaandikwa popote.

Kinachohitajika ni namba mbili: ugumu na floraidi. Ziandikwe kwa chaki au rangi kwenye kila kioski cha maji, zichapwe kwenye ankara ya maji, zibandikwe kwenye mbao za matangazo za masoko ya mpakani na kwenye madawati ya taarifa za biashara pale yalipo. Ziandikwe kwa Kiswahili na lugha nyingine zinazosomwa pale, pamoja na tarehe ya kipimo, kwa maana kisima hubadilika kati ya masika na kiangazi. Na viwanda vya sabuni, hita na vichujio vinavyouza ndani ya Jumuiya vitakiwe kuandika kwenye kifungashio kama bidhaa inafaa kwa maji magumu na, kwa vichujio, ni kitu gani hasa kinaondolewa na kipi hakiondolewi.

Wako watakaosema namba zitazua taharuki. Taharuki huzaliwa na uvumi, na uvumi hukua pale namba zinapofichwa. Mzazi anayeona meno ya mwanawe yanabadilika tayari ana hofu. Anachokosa ni cha kufanya. Wako watakaosema wananchi hawataelewa miligramu. Wananchi haohao wanabadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Tanzania, ya Uganda na faranga kwa kichwa, wamesimama juani, bila kukosea. Na wako wachuuzi watakaosema kazi yao ni kuuza, kufundisha ni kazi ya serikali. Hilo lina ukweli wake. Ila serikali hairudishiwi katoni. Mchuuzi ndiye anayerudishiwa.

Wakati namba hizo zikidaiwa, na vyama vya wafanyabiashara wa mpakani ndivyo vyenye sauti ya kuzidai, mfanyabiashara anaweza kuanza kesho asubuhi. Kabla ya kupeleka mzigo wa sabuni mji mgeni, aombe chupa ya maji ya huko na aitikise na kipande cha sabuni yake mbele ya mwenye duka. Povu likikataa, apeleke ya unga. Akiuza birika, achague lile ambalo koili yake imefichwa chini ya bati, kwa kuwa ni rahisi kusafisha, na amwambie mnunuzi habari ya siki. Akiuza kichujio, aulize kiwandani kama kinaondoa floraidi, na kama hakiondoi, amwambie hivyo mnunuzi wa Arumeru au Naivasha kabla hajatoa pesa. Akivuka na bidhaa, avuke na maelezo yake.

Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye daftari la mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, kando ya bei, nauli na ushuru, kuna safu moja iliyo tupu. Safu hiyo ni ya maji ya mteja.